Mwongozo kamili: kuboresha miguu ya mbele ya Mustang ya 1965 na 1966

Maswali yanayonifikia kuhusu Ford Mustang za miaka hii yanafanana sana. Mtu amenunua springi fupi, stabilaiza nene (chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona) na shokapu mpya. Amefunga vyote kwa siku mbili, gari limekaa chini vizuri, lakini barabarani linatangatanga. Usukani hautulii, na tairi za mbele zinalika upande mmoja. Anaamini ameuziwa vifaa vibaya.

Mara nyingi vifaa havina kosa. Kazi imefanywa kinyumenyume: springi zimetangulia, uchakavu haukuguswa, matundu ya wishboni (mikono inayounganisha gurudumu na bodi) yamebaki palepale, na alaimenti (upangaji wa pembe za tairi) imepigwa kwa vipimo vya kiwanda vya enzi za tairi ambazo leo ni wachache wanaozifunga. Nitakupeleka kwa mpangilio ninaouamini: kwanza uchakavu, kisha matundu, kisha springi, na mwisho alaimenti. Ukiruka hatua moja, hatua zinazofuata zitakudanganya.

Mwongozo huu ni wa Mustang ya V8 ya 1965 na 1966, yenye nati tano kwenye kila tairi. Ya silinda sita ina nati nne na sehemu nyepesi zaidi mbele, kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kuhesabu nati hizo. Ya 1967 na kuendelea hurekebishwa kwa namna nyingine kwenye alaimenti. Usitumie hatua za mwisho za hapa kwa gari hilo.

## Andaa vitu hivi kabla ya kulegeza nati ya kwanza

Vifaa vya kufunga:

- Wishboni mbili za juu zikiwa na boljointi zake, yaani viungo vinavyozunguka kati ya wishboni na gurudumu
- Wishboni mbili za chini zikiwa na boljointi na bushi zake
- Viti viwili vya springi, yaani kile kipande kinachokaa juu ya wishboni na kubeba springi
- Springi mbili fupi za V8, zinazoshusha gari kwa inchi 1. Za ugumu wa pauni 620 kwa inchi zinatosha kwa barabara na kwa kukimbiza siku moja moja
- Raba za juu za springi
- Shokapu mbili
- Stabilaiza ya inchi 1 pamoja na bushi na viungo vyake
- Bushi za zile rodi zinazotoka mbele ya gari hadi wishboni ya chini
- Tai rodi endi (ncha za rodi za usukani) na aidla (mkono unaoshikilia rodi hizo upande usio na boksi la usukani), kama zimelegea
- Vibamba vya shimu vya unene mbalimbali, vya kuweka kati ya wishboni na bodi ili kubadili pembe ya tairi

Zana:

- Jeki ya sakafuni na stendi mbili imara
- Kibanio cha springi cha ndani, kile kinachoingia kupitia juu ya mnara wa shokapu, yaani mnara wa bati unaozunguka springi na shokapu
- Drili yenye nguvu, inayoshika shina la biti hadi nusu inchi
- Biti za inchi 1/8, 1/4 na 17/32 (milimita 13.5)
- Kigezo cha chuma cha kutobolea matundu ya wishboni
- Spana ya torki, grisi, mafuta ya kukatia chuma, tupa ya duara na rangi ya kuzuia kutu
- Kitabu cha warsha cha Ford cha mwaka wa gari lako

Hicho kitabu si pambo. Nguvu ya kukaza kila nati imo humo, na inatofautiana kati ya nati na nati. Usikaze kwa kukisia.

Kibanio ndicho kitu ambacho watu hujaribu kukikwepa. Vile vibanio vya kucha mbili vinavyoshika springi kwa nje havina nafasi ndani ya mnara wa Mustang, na vikiteleza vinaua. Azima, kodi au nunua cha ndani. Kama hukipati, ahirisha kazi.

## Hatua ya 1: Pima gari likiwa chini kwenye tairi zake

Egesha mahali pa usawa. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, uandike. Bila namba hizi hutajua gari limeshuka kiasi gani wala kama upande mmoja ulikuwa umelala tangu awali.

Fungua boneti, safisha minara yote miwili kwa brashi ya waya, kisha umulike kwa taa. Tafuta nyufa kuzunguka nati mbili za wishboni ya juu na pale springi inapogusa mnara kwa juu. Bodi ya gari hili haina chesisi kamili. Minara ndiyo inayobeba uzito wote wa mbele.

Onyo: ukikuta ufa au kutu iliyokula bati, simama hapo. Kutoboa tundu jipya kwenye bati lililooza ni kulifanya gari liwe baya kuliko ulivyolikuta. Mpelekee fundi wa kuchomelea kwanza.

Umefaulu ikiwa una vipimo viwili vilivyoandikwa na minara mikavu, mizima, isiyo na ufa.

## Hatua ya 2: Tafuta uchakavu

Inua mbele, weka stendi chini ya fremu, usitegemee jeki kamwe. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Mchezo wa namna hiyo hutoka kwenye boljointi au beringi. Kisha lishike kushoto na kulia: mchezo huu hutoka kwenye tai rodi, aidla au boksi la usukani.

Mwombe mtu azungushe usukani kidogo huku na huku wakati wewe umelala chini ukitazama. Aidla iliyochoka utaiona ikipanda na kushuka. Hii ndiyo sababu kubwa ya gari kutangatanga, na hakuna springi duniani inayoiponya.

Tazama pia bushi za zile rodi za mbele. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisirudi nyuma unapofunga breki. Zikioza, gari huvuta upande kila ukikanyaga. Hapa nashauri raba ya kawaida. Watu hupenda kuweka poliyurethani ngumu, lakini rodi ile inahitaji kupinda kidogo kila wishboni inapopanda na kushuka. Bushi ikikataa kupinda, chuma ndicho kinapinda, na zimewahi kukatika.

## Hatua ya 3: Toa springi

Hii ni hatua ya hatari kuliko zote, kwa hiyo usiifanye ukiwa umechoka.

Toa tairi. Juu ya mnara, fungua nati tatu za kofia ya shokapu na nati ya katikati, kisha nati mbili zinazoishika shokapu kwenye kiti cha springi. Ivute itoke juu. Sasa njia ya kibanio iko wazi.

Ingiza kibanio kupitia juu ya mnara, hakikisha ndoano zake zimekamata pete za springi pande mbili zinazotazamana, upake grisi kwenye skrubu, kisha banisha taratibu kwa spana ya mkono. Usitumie bunduki ya upepo. Hula uzi wa skrubu bila wewe kujua.

Onyo: usiweke uso wala kifua juu ya mnara wakati springi imebanwa. Pitisha mnyororo katikati ya springi na uufunge kwenye bodi. Kibanio kikiachia, springi iishie kwenye mnyororo.

Springi ikianza kucheza kwa mkono, imeachia mzigo. Sasa rudi upande wa injini, ulegeze zile nati mbili za wishboni ya juu. Kabla hazijatoka, jiandae kukamata vibamba vilivyo kati ya mhimili wa wishboni na mnara. Andika vilikuwa vingapi mbele na vingapi nyuma, kila upande. Vifunge kwa waya na ubandike jina.

Tenganisha boljointi ya juu: legeza nati yake lakini uiache kwenye uzi, kisha gonga kwa nyundo ubavuni mwa chuma kinachoishika, si kwenye uzi wenyewe. Ikiachia, nati itaikamata isiruke. Toa wishboni, springi na kiti chake. Funga kitovu cha gurudumu kwa waya ili uzito wake usining'inie kwenye mpira wa breki.

## Hatua ya 4: Toboa matundu mapya ya wishboni ya juu

Hapa ndipo gari linapobadilika tabia, na ndipo wengi wanapoharibu.

Jiometri ya kiwanda huiacha wishboni ya juu ikiwa imeinamia nje. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje huegemea nje pamoja na bodi na kukanyagia ukingo wake. Ukishusha mwanzo wa wishboni, mkono wake unalala vizuri zaidi, na springi inapobonyea kichwa cha tairi huvutwa ndani. Tairi linakanyaga kwa uso wote. Hesabu hizo zilitoka kwa Klaus Arning, mhandisi wa Ford, na Shelby GT350 ya 1965 iliuzwa ikiwa na wishboni zilizoshushwa hivyo.

Kipimo kwa magari ya 1965 na 1966: matundu yashuke inchi 1 (milimita 25.4) na yarudi nyuma inchi 1/8 (milimita 3.2). Usiongeze. Ukishusha zaidi ya hapo, boljointi ya juu huanza kugonga ukingo wake kabla gurudumu halijamaliza safari, na utahitaji vipande maalumu vya kubadili pembe yake.

Funga kigezo kwenye matundu ya zamani kwa bolti zake. Sasa simama ujiulize: nyuma ya gari iko wapi? Kigezo kimoja hutumika pande zote mbili kwa kugeuzwa, na asiyekigeuza hupeleka upande mmoja mbele badala ya nyuma. Gari lake litavuta upande mmoja maisha yake yote, na alaimenti haitalifikia. Kabla ya kutoboa, weka alama kwa kalamu upande wa kulia na wa kushoto, pima zote mbili, zilingane.

Anza na biti ya 1/8, kisha 1/4, kisha 17/32. Bati hapa lina matabaka zaidi ya moja, kwa hiyo tia mafuta, zungusha polepole, sukuma sawasawa. Ukienda moja kwa moja na biti kubwa itaserereka na kutoboa yai. Tundu la yai ni tundu lililopotea, kwa sababu mhimili wa wishboni utahama kila unapofunga breki.

Laini kingo kwa tupa ya duara na upake rangi ya kuzuia kutu. Matundu ya zamani yaache wazi. Hayadhuru, na atakayelimiliki gari baadaye anaweza kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani.

Umefaulu ikiwa bolti inaingia kila tundu kwa kidole bila kulazimishwa, na umbali wa kushuka na kurudi nyuma ni uleule kulia na kushoto.

## Hatua ya 5: Funga wishboni bila springi

Wengi hufunga springi mara moja. Usifanye hivyo. Funga wishboni ya juu na ya chini zikiwa tupu, ukirudisha vibamba vilevile ulivyoviandika. Weka jeki chini ya wishboni ya chini, uipandishe hadi juu kabisa, kisha uishushe hadi chini kabisa. Tazama boljointi ya juu kwenye miisho yote miwili. Izunguke kwa ulaini, isigonge. Tazama pia mpira wa breki: usivutwe, usisuguliwe.

Bolti ya bushi ya wishboni ya chini iache imeshikwa tu, haijakazwa. Raba ya bushi hii imegandishwa kwenye chuma ndani na nje, haizunguki, hujinyonga. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka raba inabaki imenyongwa muda wote. Itachanika mapema, na kabla ya kuchanika italifanya gari lisimame juu kuliko linavyopaswa. Kosa hili peke yake limewafanya watu wengi wakate springi nzima bila sababu.

## Hatua ya 6: Kiti cha springi na springi

Kiti cha springi cha kiwanda kina bushi za raba ambazo nazo hujinyonga. Vipo viti vya beringi vinavyozunguka bure, na kwa maoni yangu hakuna shilingi inayoleta tofauti kubwa zaidi kwenye gari hili: gurudumu linapita kwenye mashimo madogo bila kugonga. Ukibaki na vya raba, hakikisha kiti kiko sambamba na wishboni kabla ya kukaza nati zake. Kikiwa kimeinama, springi itajipinda kama upinde na kusugua ndani ya mnara.

Banisha springi mpya, weka raba ya juu, iingize. Mwisho wake wa chini ukae karibu na kizuizi cha kiti, usizidi nusu inchi kutoka hapo. Ifungue taratibu huku ukiangalia kwamba haijahama. Rudisha shokapu ndani yake.

Kuhusu urefu: kushusha matundu peke yake hulishusha gari nusu inchi au zaidi kidogo. Ukijumlisha na springi fupi zinazoshusha inchi 1, gari limeshuka vya kutosha. Wanaofunga springi za kushusha inchi 2 juu ya hayo yote ndio wanaolalamika kwamba mbele kunagonga kila wanapovuka tuta.

Onyo: usifupishe springi kwa moto wa gesi. Joto hulegeza chuma, na springi huendelea kushuka kila mwezi.

## Hatua ya 7: Stabilaiza na vyuma vya kuunganisha minara

Stabilaiza ya inchi 1 hufungwa kwa urahisi. Poliyurethani hapa inafaa, ila ipake grisi yake maalumu, la sivyo italia kila kona. Kazi ya mwisho ya kukaza ifanyike gari likiwa kwenye tairi.

Minara ya magari haya, kwa umri wake, mara nyingi imeegemea ndani kidogo. Utaligundua hilo unapofunga kile chuma kipana kinachounganisha minara na ukuta wa injini: matundu hayakutani. Usilazimishe kwa nyundo. Weka jeki ndogo ya chupa na kipande cha mbao kati ya minara, sukuma kidogo kidogo hadi bolti ziingie kwa mkono. Kile chuma kingine cha kukatisha juu ya injini kutoka mnara hadi mnara, chagua kinachoweza kurefushwa na kufupishwa, ukifunge bila kukivuta wala kukisukuma.

## Hatua ya 8: Shusha gari, kisha kaza

Weka tairi, shusha gari sakafuni, libonyeze mbele mara kadhaa na lisogeze mbele na nyuma ili magurudumu yatulie. Kama huwezi kufika chini, lipandishe kwenye rampu za kuendeshea juu. Kinachotakiwa ni uzito uwe kwenye tairi.

Sasa, na si kabla, kaza bushi za wishboni ya chini, viti vya raba na stabilaiza kwa torki ya kitabu. Pima tena kutoka rimu hadi madigadi. Tofauti ya kulia na kushoto isizidi ile uliyoandika mwanzo. Paka grisi kila mahali penye nipo ya grisi, zikiwemo ncha za mhimili wa wishboni ya juu. Zile za kiwanda ni chuma juu ya chuma chenye uzi, na zikikauka hulia kwa sauti inayosikika hadi barabara ya pili.

## Hatua ya 9: Alaimenti

Safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole, kwenda kupiga alaimenti tu.

Piga simu kwanza uulize mambo mawili: wana vibamba vya shimu, na wako tayari kuvitumia? Huko Marekani maduka mengi yamezoea magari ya kisasa na hayataki kazi ya vibamba. Tena kompyuta yao italeta vipimo vya kiwanda, vilivyoandikwa kwa tairi za nyuzi za mshazari. Wewe una tairi za radiali, za muundo wa kisasa. Wape karatasi yako:

- Kemba: hasi nusu digrii hadi hasi 1, yaani kichwa cha tairi kiegemee ndani kidogo
- Kasta: chanya 2 hadi 3, yaani boljointi ya juu iwe nyuma ya ile ya chini
- Toini: jumla inchi 1/8 (milimita 3), tairi zikitazamana kidogo kwa mbele

Kama usukani hauna pawa, baki karibu na kasta 2. Kila ukiongeza usukani unakuwa mzito wakati wa kuegesha. Ila usikubali kurudi kwenye sifuri, kwa sababu kasta ndiyo inayourudisha usukani katikati na kulifanya gari lishike mstari.

Kama unapiga mwenyewe, kumbuka hivi: kutoa kibamba kimoja mbele na kimoja nyuma huvuta kichwa cha tairi ndani. Kuongeza cha mbele au kupunguza cha nyuma hurudisha boljointi ya juu nyuma, na kasta hupanda. Toini hurekebishwa mwisho, kwa sababu kila ukigusa kemba na kasta yenyewe huhama.

Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Tofauti ya kasta kati ya pande mbili isipite nusu digrii. Ikipita na vibamba vimekwisha, rudi upime matundu ya hatua ya 4.

## Barabarani

Nenda barabara tupu iliyonyooka. Achia usukani kwa wepesi: gari liendelee mbele, labda likifuata mteremko wa barabara tu. Funga breki kwa nguvu ya wastani: lisivute upande. Ingia kona: mbele kushike barabara, usukani urudi wenyewe ukitoka. Mlio wa kugonga kwenye matuta hutoka kwa kawaida kwenye nati ya juu ya shokapu au kiungo cha stabilaiza ambacho hakijakazwa.

Baada ya maili 100 hivi, kaza tena kila nati uliyoigusa, ukianza na zile mbili za wishboni ya juu kwenye kila mnara. Mulika tena kuzunguka matundu mapya. Baada ya miezi miwili au mitatu pima urefu wa gari upya. Springi mpya hushuka kidogo zinapotulia, na zikishuka kwa zaidi ya robo inchi rudi kwenye alaimenti.